Mstari Nilioufundisha Vibaya

Mwamini, binti yangu,

Wewe na mama yako mmekwenda Makiso, katikati ya mji, kuchukua nguo zako kwa fundi, na nyumba imenyamaza kama darasa wakati wa likizo. Kesho asubuhi utapanda ndege ya Bunia, na kutoka Bunia barabara itakupeleka Mahagi, kisha Uganda, mpaka Kampala unakokwenda kusoma. Mambo ya safari mama yako ameyamaliza yote. Ameshakwambia uweke wapi karatasi zako, ule nini njiani, uzungumze na nani na nani umpite kimya. Mimi katika hayo sina la kuongeza. Nina habari moja tu ambayo sijawahi kukupa kamili, na nimeona afadhali niiandike, kwa sababu nikiisema nikikutazama usoni nitaifupisha.

Juzi ulikuwa unazungumza na dada yangu Feza jikoni, ukidhani nimelala. Nilikusikia ukimwambia: "Tantine, bale batoto ba kule banazaliwa na Kingereza mu kinywa. Miye nitasoma shairi, nitaelewa kila neno moja moja, na mwisho sitaelewa kitu." Feza akacheka, akakwambia usome Kurani kidogo kabla ya kuingia darasani. Mimi sikucheka. Nilikaa kitandani nikawaza kwamba mtoto amenisimulia maisha yangu bila kujua.

Maana mimi, Mwamini, nilikuwa mwalimu wa kuelewa kila neno na kutoelewa kitu.

Unajua babu yako alikuwa mshonaji, na kwamba ukoo wetu ulikuja hapa na biashara za zamani za pwani, ndiyo maana nyumbani kwetu Kiswahili kilitunzwa kama sahani za wageni. Kifaransa nilikipata shuleni. Kiingereza nilikipata kwa kubahatisha. Mzee mmoja aliyewahi kuwa muuguzi kwenye misheni ya Waingereza, upande wa chini wa mto, alikuwa na kitabu cha mashairi kilichong'oka jalada na kurasa za mwanzo, hata majina ya watunzi hayakuwamo. Alinipa nikiwa na miaka kumi na saba kwa sababu, alisema, macho yake hayaoni tena na panya wanaona vizuri mno. Nilikisoma kwa msaada wa kamusi ndogo ya Kiingereza na Kifaransa, nikitafuta neno, nikiandika juu yake kwa penseli, nikienda kwa neno lingine. Kila mara nilichukua maana ya kwanza iliyoandikwa. Niliamini kwamba maana ya kwanza ndiyo ya kweli na zile nyingine zimewekwa kujaza ukurasa.

Kwa njia hiyo nikawa mwalimu wa Kiingereza. Hakukuwa na mwingine. Mji mzima, nikipita, vijana wa toleka, wabeba abiria, walikuwa wanainua mkono juu ya baiskeli zao na kuniita, "Good morning, teacher!" hata saa kumi jioni, nami nilijibu "Good morning!" bila kuwasahihisha, kwa jinsi nilivyoipenda sauti yake. Unajua sasa hivi naweza kuicheka. Wakati ule niliivaa kama koti.

Katika kitabu kile kulikuwa na shairi moja fupi nililolipenda kuliko yote, na kila mwaka nililifundisha darasa la tano la sekondari. Lilikuwa na mstari huu: He made her fast against the stone. Nilitafuta maneno yote. Made, alifanya. Her, yeye, mwanamke. Fast, mbio. Stone, jiwe. Basi nikawafundisha watoto wa watu kwamba hili ni shairi la mume mkali aliyemkimbiza mke wake juu ya mawe. Na kwa kuwa nilikuwa kijana na nilipenda kusikilizwa, niliongeza hotuba. Niliwaambia wavulana wasiwafanyie wake zao hivyo. Niliwaambia wasichana wachague waume wapole. Wengine waliandika kwenye madaftari yao.

Mbele kidogo kulikuwa na mstari mwingine: And all that night she wanted but the shore. Wanted, alitaka. But, lakini. Shore, ukingo wa mto. "Usiku mzima alitaka, lakini ukingo." Sentensi haikuisha. Unajua niliieleza vipi? Nilisema mtunzi alishikwa na machozi akashindwa kumaliza. Darasa lilikuwa linanyamaza kwa heshima ya machozi ya mtunzi, mwaka baada ya mwaka.

Hayo yaliendelea mpaka mwaka ule Marceline alipofika darasa la tano. Wewe ulikuwa unatambaa. Marceline alikuwa binti wa mvuvi wa kule kwenye maporomoko, msichana mrefu, mkimya, mwenye tabia ya kutazama dirishani. Nilimhesabu katika wale wanaolala macho wazi. Siku ile nilimaliza hotuba yangu ya waume na wake, nikauliza kama kuna swali, na kwa mara ya kwanza mkono wake ukainuka.

"Monsieur," alisema, "bibi haiko hapa."

"Bibi gani?"

"Mu shairi. Hakuna mwanamuke. Iko mutumbwi."

Nilimwambia asome tena, kwamba her ni mwanamke, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua. Hakukaa.

"Monsieur, angalia. Kuna jiwe. Kuna mayi ya nguvu. Kuna mutu na kamba mu mukono. Papa yangu akifika pale, atafanya nini? Atafunga mutumbwi ku jiwe, atakaza. Akifunga mbio-mbio tu, mayi inabeba. Donc ile fast si mbio. Iko kukaza. Na mutu mwenye kuwa mu mayi ya vile, Monsieur, atapata wapi wakati wa kufukuza bibi?"

Darasa lote likapasuka kwa kicheko. Kilikuwa kicheko cha watu walioona kitu ghafla, na walichokiona ni kwamba mwalimu wao ni mjinga. Na hapa, Mwamini, ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu mimi mwenyewe nimeandika sentensi hii mara tatu na kuikata. Nilimwambia: "Kama unajua Kiingereza kuliko mimi, nenda ukawafundishe samaki wa baba yako. Hapa darasani kunanuka."

Kicheko kikageuka. Sasa walikuwa wanamcheka yeye. Marceline akakaa chini, akaweka mikono yote miwili juu ya daftari, akaanza tena kutazama dirishani.

Siku ileile baada ya masomo nilikwenda kwa mwalimu mwenzangu mmoja aliyekuwa na kamusi kubwa. Nilifungua fast. Maana ya mbio ilikuwepo. Chini yake ilikuwepo nyingine: iliyokazwa, isiyosogea. Chini zaidi palielezwa kwamba mabaharia husema hivyo kwa kufunga chombo. Nikafungua her, nikakuta kwamba Waingereza huita chombo cha majini kama wanavyomwita mwanamke. Msichana asiye na kamusi alikuwa amepata yote mawili. Nilifunga kamusi, nikashukuru, nikaenda nyumbani. Kesho yake nilifundisha vitenzi.

Nilijua, na nikanyamaza. Lakini kosa hilo lilizaa lingine kubwa zaidi.

Mwisho wa mwaka shule iliandaa sikukuu ya wazazi. Alikuwepo mgeni, mama mmoja Mwingereza aliyekuwa anapita mjini kwa kazi zake, na mkuu wa shule aliniambia darasa langu lisome shairi mbele yake. Karatasi ya programu ilikuwa imekwishaandikwa, na shairi lilikuwa lile. Ningeweza kulibadilisha. Ningeweza kumwita Marceline. Nilimchagua mvulana mwenye sauti nzuri, Didier, naye akapanda jukwaani, akasoma vizuri, halafu akaeleza, kama nilivyomfundisha mwanzoni mwa mwaka, habari za mume mkali na mke anayekimbizwa juu ya mawe. Sikuwa nimemwambia kwamba nimekuta vingine. Kumwambia kungekuwa kukiri.

Yule mama aliweka vidole mdomoni. Hakucheka kwa ubaya, alijizuia. Akauliza kwa Kifaransa cha upole kama kuna mwanafunzi aliyelielewa shairi kwa namna nyingine. Marceline alikuwa amekaa nyuma, karibu na mlango. Hakuinua mkono. Alinitazama mimi. Angeweza kuniangusha pale mbele ya wazazi wote na mkuu wa shule, na haki ilikuwa yake. Alinitazama tu, kana kwamba ananipa nafasi. Nami nikatazama viatu vyangu.

Baadaye, watu wakitoka, mgeni alinivuta pembeni akanieleza kwa adabu kwamba her ni mtumbwi. Nikamjibu: "Najua, Madame. Nilimfundisha sawasawa. Yule kijana amesahau." Nilipogeuka, Didier alikuwa hatua mbili nyuma yangu na karatasi yake mkononi. Marceline alikuwa kando yake, amebeba viti. Wote wawili walikuwa wamesikia.

Didier alinisamehe upesi, au alisahau. Wavulana wenye sauti nzuri hupigiwa makofi tena mahali pengine. Lakini masomo yalipoanza mwaka uliofuata, benchi la Marceline lilikuwa na mtu mwingine. Niliuliza. Wakaniambia, "Aliachaka." Sikuuliza zaidi. Nililitoa shairi lile kwenye mafundisho yangu, nikajiambia kwamba nimelimaliza jambo.

Na kweli lingekuwa limekwisha, kama si wewe.

Ulikuwa na miaka kumi na miwili, umeanza sekondari. Nilikuwa uani natengeneza redio. Ulikuja na kitabu chako cha shule kimefunguliwa, umekunja uso.

"Papa, stand fast, ni kusimama mbio?"

Niliiweka redio chini.

"Mutu anasimama mbio namna gani, Papa? Akisimama, mbio inaisha."

Nikakwambia kwamba fast ina maana nyingine, kukazwa, kutosogea, kwamba hapo ni kusimama imara. Ukafurahi. Ukasema, "Ah bon! Kama kamba!" Halafu, kwa sababu wewe hujui kuacha swali moja peke yake, ukaniuliza: "Nani alikufundishaka ile?"

"Mwanafunzi wangu," nikasema. Lilitoka lenyewe.

"Iko wapi?"

"Sijui."

"Alikufundisha, na hujue iko wapi?"

Ukarudi ndani na kitabu chako. Mimi nilibaki na bisibisi mkononi. Redio ile, kama unakumbuka, haikupona.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwenye maporomoko kumtafuta baba yake. Nilimkuta amekaa juu ya mwamba anafuma mtego, mzee mwenye mikono kama mizizi. Nilijitambulisha. Alinijua. Alisema, "Monsieur wa Kingereza," na akaendelea kufuma. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha kwa jambo nililomfanyia binti yake, na kwamba niliharibu masomo yake.

"Usijipe ukubwa, mwalimu," alisema. "Mama yake alikuwa mugonjwa mwaka ule. Kulikuwa watoto wadogo. Ilikuwa lazima mutu mumoja abaki nyumba." Akakaza fundo kwa meno. "Lakini nitakuambia kitu. Mutoto mwenye kupenda masomo, ukimutoa ku masomo, analia. Marceline hakulia. Alisema tu, bon, sawa. Ile njo ilitusumbua na mama yake. Tulijiuliza, nani amekwisha kumuliza kabla yetu, mpaka machozi yakaisha?"

Akaniambia Marceline ameolewa Banalia, anauza samaki wa moshi sokoni kando ya mto. Akaniambia pia, bila kuinua macho, kwamba barabara ni mbaya lakini pikipiki zinapita.

Mama yako alidhani nimerukwa na akili. Nilimwambia nakwenda Banalia kumwomba radhi mwanafunzi wa zamani, na akaniuliza kama nina homa. Nilipomsimulia yote akanifungia chikwangue ya muhogo na samaki kwenye majani, akasema, "Nenda. Lakini usimwendee ili wewe upone. Mwendee yeye." Neno hilo lilinisindikiza njia nzima, kila shimo la barabara likinigongea kichwani.

Marceline nilimtambua kwa urefu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza ya samaki, na mtoto mdogo mgongoni, anabishana na mteja. Alipomaliza aligeuka, akaniona, akasema, "Monsieur," kama mtu anayesoma neno alilolisahau. Alinipa kigoda. Nilisema niliyokuja kuyasema: kwamba alikuwa sahihi, kwamba nililijua hilo siku ileile, kwamba nilimtukana yeye na nyumba yao kwa sababu ya aibu yangu, na kwamba nilidanganya mbele ya mgeni. Sikuongeza udhuru. Nilikuwa nimeuandaa mmoja njiani, kuhusu ujana wangu, lakini ulikataa kutoka.

Alimshusha mtoto, akamnyonyesha.

"Tusi nilisahauka," alisema mwishowe. "Watoto wa maporomoko, tunaambiwaka vile kila siku. Kitu yenye ilibaki ni ingine. Miye nilikuwa nangoja uniulize mara moja tu: Marceline, umejuaje? Nilikuwa na jibu. Nilikaa nayo mwaka muzima mu kinywa."

Basi nikamwuliza, kwa kuchelewa kwa miaka kumi na zaidi: "Marceline, ulijuaje?"

Alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Akasema yeye hakuwa na kamusi nyumbani, kwa hiyo asingeweza kuanza na maneno. Alianza na mahali. Alikuwa anajiuliza: hapa tuko wapi? Nani yupo? Ameshika nini mkononi? Upepo, maji, jua, vinafanya nini? Akishaona mahali, ndipo anayauliza maneno yamekuja kufanya kazi gani pale. Neno likikataa kuingia mahali, alisema, anajua kwamba neno hilo lina jina lingine ambalo bado hajaambiwa. "Kama mutu," alisema. "Ku soko wananiita Mama Samaki. Ku nyumba, Marcy. Nikikuambia Marcy anauza, utasema sijui Marcy. Lakini mutu ni mumoja."

Mwamini, nilikuwa nimefundisha miaka kumi na tano, na hilo sikuwa nimelijua.

Kisha akaniuliza yeye. Alilikumbuka shairi lote, alikuwa analiimba kwa watoto wake wakilala. "Lakini mustari ule wa mwisho ulinishinda. Wanted but the shore. Mahali niliona. Usiku, mutumbwi umefungwa ku jiwe, mayi inapita. Lakini but ilikataa kuingia. Nikasema, alitaka ukingo, lakini hakufika. Donc ulizama."

Hapo nilikuwa na kitu cha kumpa. Katika miaka ile nilikuwa nimesoma, taratibu, kwa hofu ya mtu aliyeumwa na nyoka. Nilijua sasa kwamba katika Kiingereza cha zamani but mara nyingi ni "tu". Na want, kabla ya kuwa kutaka, ilikuwa kukosa. Nikamwambia: "Usiku mzima ulikosa ukingo tu."

Aliacha kumpapasa mtoto.

"Ulikosa ukingo tu," akarudia. "Kamba ilikuwako. Jiwe lilikuwako. Mwenyewe alikuwako."

"Ndiyo."

"Haukuzama?"

"Haukuzama."

"Monsieur," alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa, "miaka yote ile nilikuwa naimbia watoto mutumbwi wenye kuzama."

Tulikaa pale, mteja mmoja akaja akaondoka bila kuhudumiwa. Mimi nusu ya shairi nilipewa na yeye, na nusu alipewa na mimi, na kila mmoja peke yake alikuwa amekaa na shairi bovu. Hakuniambia kwamba amenisamehe. Alinifungia samaki wawili kwa ajili ya mama yako, na akakataa malipo. Nikamwomba aje shuleni. Akasema atafikiri. Alifikiri miezi minne.

Mengine unayajua, maana ulikuwepo, umekaa mstari wa pili wa darasa langu. Siku ile mwanamke mrefu aliingia darasani na kamba ya msituni begani, akakifunga kiti cha mwalimu kwenye nguzo ya dirisha, akawaita wavulana watatu wakivute. Walivuta mpaka mmoja akaanguka, na kiti hakikusogea, na yule mwanamke akaandika ubaoni neno moja: fast. Uliniuliza jioni kwa nini mimi nilikaa kwenye benchi la wanafunzi, kati yenu, na kwa nini kabla ya kukaa nilisimama nikawaambia kwamba mgeni huyu nilimfundisha vibaya na nikamtendea vibaya zaidi. Nilikujibu tu kwamba ilikuwa zamu yake. Nadhani ulikuwa mdogo. Au mimi nilikuwa bado mwoga. Lakini ni siku ile ulipoanza kunisumbua na mashairi, na hukuacha mpaka leo, kwa hiyo unapokwenda Kampala ujue ni nani hasa aliyekufungulia njia.

Marceline baadaye alimaliza masomo yake kwa kujisomea, akapewa diploma, na sasa anafundisha watoto wa shule ya msingi kule Banalia asubuhi na kuuza samaki mchana. Nilipomwambia unaondoka alituma salamu. Amesema usiogope wale wenye Kiingereza kinywani, kwa sababu mtu aliyezaliwa ndani ya nyumba haioni milango, anapita tu. Wewe utaiona, kwa sababu utakuwa umegonga.

Utakosea, binti yangu. Utasimama darasani siku moja utasema mtumbwi ni mwanamke, na watacheka. Nakuomba siku hiyo ucheke nao, kisha uulize. Na itakuja siku nyingine, ngumu kuliko hiyo, utakapokuwa wewe unayejua, na mtu atainua mkono kutoka kwenye benchi la nyuma, mwenye matamshi mabaya, mwenye nguo zinazonuka kazi ya wazazi wake, aseme kwamba umekosea. Siku hiyo ndiyo ninayoiwaza zaidi. Usiangalie viatu vyako kama mimi. Mwulize amejuaje. Hata kama amekosea, mwulize, maana ndani ya kosa lake kuna mahali alipoona kitu.

Na Kiswahili chako usikiache mlangoni kama viatu. Nilidhani zamani kwamba lugha zangu nyingine zinanichafulia Kiingereza. Sasa najua kwamba sikupata hata mstari mmoja wa maana bila kuurudisha kwanza nyumbani, nikausikiliza unasema nini kwa sauti ya bibi yako, na kwa Lingala ya sokoni, na kwa kicheko cha mama yako. Mstari usiosema kitu kwa Kiswahili, mara nyingi sijauelewa kwa Kiingereza.

Sasa nataka nikutume. Katika kile kitabu kisicho na jalada bado uko mstari mmoja ambao sijaufungua. Mtu anainama kunywa maji mtoni, kisha mtunzi anasema: The river was none the poorer for his thirst. None, nadhani ni hakuna. Poorer, maskini zaidi. Nimefanya kama Marceline, nimeanza na mahali, na ninahisi kwamba mto haukupungukiwa chochote kwa kiu ya mtu yule. Lakini kuna kitu kwenye ile the kinanichanganya. Kinafanya kazi gani pale? Sijui, na nimewauliza wote ninaowajua. Waulize walimu wako. Ukiuliza, waambie ni swali la baba yako, mwalimu wa Kiingereza wa Kisangani, usione haya. Ukipata jibu uniandikie, na uniambie pia waliona nini.

Nawasikia mlangoni. Mama yako anamcheka mtu, labda wewe, na kuna mlio wa pikipiki inayogeuza. Naikunja barua hii kabla hujaingia, naiweka ndani ya sanduku lako, chini kabisa, mahali zitakapolala nguo mpya, ili uikute ukiwa umeshafika. Mungu akuongoze mbele na atulinde sisi tunaobaki.

Ni mimi papa wako na mwanafunzi wako,
Amisi